Albina Kubena Achagua Bunduki

Nguruwe pori walilifukua kaburi la Edwin Kubena mwishoni mwa Oktoba, na wa kwanza kuliona alikuwa mkewe. Albina alikwenda makaburini asubuhi na ndoo ya maji na kitambaa, kama alivyozoea tangu Juni alipomzika, ili afute jiwe na kung'oa magugu. Alikuta udongo umetupwa huku na huku, maua aliyoyapanda yamelala mizizi juu, na shimo la kufika magotini upande wa miguu ya marehemu. Makaburi ya jirani yalikuwa yamechokonolewa juu juu tu. La Edwin udongo wake ulikuwa bado laini na umejaa minyoo, kwa hiyo hapo ndipo walipokaa kula.

Jiwe lenyewe lilikuwa zima. Ni jiwe pana la granaiti nyekundu, la watu wawili, kama yalivyo mengi pale Velkov, mji mdogo wa wazao wa Wacheki. Kushoto limechongwa jina la Edwin, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Kulia limechongwa jina la Albina, siku aliyozaliwa, kistari, halafu nafasi tupu inayosubiri. Wageni hushtuka wakimwona mtu anafuta vumbi kwenye jina lake mwenyewe makaburini, lakini yeye alikwisha kulizoea. Upande wake huufuta mbio mbio kama anafuta meza, kisha hukaa sana na upande wa mumewe.

Siku hiyo hakufuta kitu. Alipiga magoti akarudisha udongo kwa mikono huku akiwatukana nguruwe kwa Kicheki, lugha ambayo marehemu mama yake aliitumia kwa sala na kwa matusi tu. Siku ya Marehemu Wote ilikuwa imekaribia. Padri angepita kaburi hadi kaburi na maji ya baraka, mishumaa ingewashwa, na jamaa wangekuja kutoka Houston na San Antonio wakiwa wamevaa viatu vizuri. Albina aliapa pale pale, udongo ukiwa umemjaa kuchani, kwamba mumewe hatakutwa amefukuliwa kama kiazi.

Na Albina akiapa, watu wa Velkov hukaa sawa. Ni mfupi, mpana, sauti yake inafika mbali. Alipika jikoni mwa shule ya wilaya mpaka alipostaafu, na hakuna mwanamume wa makamo pale ambaye hakuwahi kukaripiwa naye kwa kumwaga maziwa. Jikoni huko huko ndiko alikoteleza kwenye sakafu yenye maji akavunjika bega la kulia, akatiwa chuma. Tangu hapo mkono ule hunyanyua sufuria, lakini haupendi kugongwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Juu ya mlango wa jikoni mwake ilitundikwa bunduki ya Edwin, aliyorithi kwa baba yake, raifo nzito ya aina iitwayo thelathini-sifuri-sita, ambayo risasi yake ina urefu wa kidole cha kati. Mwaka waliooana, Edwin alimpa aijaribu. Ilimpiga teke akaketi chini, na asubuhi bega lilikuwa na rangi ya bilinganya. Edwin alicheka kwa upole akamwambia, "Utazoea." Hakuizoea, maana hakuigusa tena. Edwin aliichukua kila Novemba kwenda kuwinda kulungu, akarudi karibu kila mara mikono mitupu, na maelezo yake yalikuwa yale yale: "Nilikuwa nimemweka sawa kabisa, akacheza dakika ile ile." Albina alimkaangia mayai na hakumuuliza zaidi.

Sasa aliishusha. Aliibeba mpaka nyuma ya ghala penye tuta la mchanga, akasimamisha kopo tupu la kahawa, akalenga. Kabla hata hajafyatua macho yalikuwa yameshajifumba. Mlio ulipotulia, kopo lilikuwa pale pale, na yeye ameegemea ukuta wa ghala akilia. Alilia kwa maumivu, na zaidi kwa hasira. Bunduki ile ilikuwa na harufu ya mafuta ya Edwin, kitako chake kilikuwa kimeng'arishwa na shavu la Edwin. Kumlinda Edwin kwa bunduki nyingine, ya dukani, aliona ni sawa na kumsaliti, na wazo hilo lilimsumbua siku nzima. Lakini kopo halikuguswa. Alirudisha bunduki ukutani, akavaa kofia, akaenda kwa Lee Roy Migl.

Duka la Lee Roy linauza chakula cha ng'ombe, misumari, na bunduki. Nyuma kabisa kuna meza ya wanaume wanaocheza domino na kunywa kahawa mbaya ya bure. Kwenye kiti chenye mto alikaa Rudy Kubena, mdogo wake Edwin, mtu mrefu mwenye tumbo na maoni.

"Shemeji!" Rudy alipaza sauti. "Umekosa misumari?"

"Nimekuja kununua bunduki."

Domino zilinyamaza. Lee Roy akaacha kufunga gunia.

"Bunduki si unayo?" Rudy akasema. "Ya kaka."

"Inanivunja bega. Tena shabaha siipati."

"Utazoea."

"Nimeshaambiwa hivyo, shemeji, na aliyeniambia yuko makaburini ananisubiri. Lee Roy, nionyeshe ulichonacho. Nguruwe wamemfukua Edwin."

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema nguruwe hapigwi kwa risasi iliyo chini ya namba mia tatu na nane. Mwingine akasema babu yake aliwamaliza kwa bunduki ya sungura. Wa tatu, ambaye hakuwahi kuua kitu zaidi ya chupa, alitaka uzito wa risasi na kasi yake vizungumziwe. Rudy akawanyamazisha wote kwa mkono.

"Mtamdanganya mwenzenu mpaka aliwe. Shemeji, sikiliza. Dume la nguruwe lina ngao hapa begani, gamba nene kama soli ya kiatu. Risasi ndogo inamkera tu. Anakuja kukuuliza kama ulikuwa na shida naye. Chukua kama yangu, mia tatu magnum. Ukimgusa nayo popote, kwisha habari."

"Na bega langu?"

"Bega litapona. Kwani wewe unataka kumuua nguruwe au kumbembeleza?"

Lee Roy akapanga risasi juu ya kaunta, moja ya kila aina, kuanzia ile ya Rudy mpaka ndogo nyembamba ya mia mbili ishirini na tatu. Albina akazishika moja moja akizipima mkononi kama alivyokuwa akipima vitunguu vya shule. Akainua ile kubwa.

"Hii ikishampita nguruwe, inakwenda wapi?"

"Inakwenda zake," Rudy akajibu.

"Wapi?"

"Inaendelea tu, shemeji. Ndio uzuri wake."

"Inaendelea kwa nani? Nyuma ya nguruwe amelazwa mama yenu. Nyuma ya mama yenu kuna vioo vya kanisa vilivyoletwa kwa meli. Wewe utamwambia nini Padri?"

Wanaume wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Rudy naye akacheka, kwa kuchelewa.

Lee Roy akaisogeza ile ndogo kwa kidole. "Hii ni nyepesi na ina mbio. Kichwa chake laini, kikiingia kinapasukia humo humo. Mara nyingi haitoki upande wa pili. Lakini begani hapana, Rudy hajadanganya. Ni nyuma ya sikio, tena uwe karibu. Kama huoni sikio, usipige."

"Na teke lake?"

"Kama kusukumwa na mtoto kwenye foleni ya chakula."

"Basi ndiyo hiyo. Kama ni lazima nilione sikio, nataka bunduki itakayoniacha na macho wazi."

Rudy aliinamia domino zake kana kwamba zimebadilika namba. Lee Roy akashusha raifo nyepesi yenye darubini ndogo na kitako kifupi, na mmoja wa wazee akasema kwa huruma kwamba hiyo walitengenezewa watoto.

"Itanifaa," Albina akasema. "Watu wazima na bunduki zao nimeshawaona."

Alijifunza nyuma ya ghala. Kopo lilitobolewa mara ya pili tu, na baadaye likatobolewa pale alipotaka. Furaha aliyoipata ilimshangaza, akatazama huku na huku kama mtu aliyecheka msibani. Bunduki mpya aliitundika chini ya ile ya Edwin, kisha akaishusha akaiweka kabatini pamoja na mashuka. Hakuweza kuziona pamoja.

Padri, mtu wa mjini na mpole, aliruhusu kulinda makaburi alfajiri. Alisisitiza vioo vya kanisa mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kumwitikia kama litania ya kanisani. Ili kujua nani aanze, walichanganya domino kwenye meza ya ukumbi wa parokia, kila mtu achukue moja, mwenye nukta nyingi atangulie. Ndivyo wanavyoamua kila kitu pale, hata nani aoshe masufuria baada ya sherehe. Rudy akavuta sita-sita. Albina akavuta ile isiyo na nukta hata moja.

"Mbingu zimesema," Rudy akatangaza.

"Zimesema uanze. Hazijasema utapata," Albina akamjibu, ingawa moyo ulimuuma. Mume alikuwa wake.

Jumamosi alfajiri alikuwa jikoni kwake, si mbali na makaburi, anakanda unga wa kolachi, vile vimkate vitamu vya Kicheki vya jamu ya aprikoti, aliposikia mlio. Madirisha yalitikisika. Nyuma ya mlio kulikuwa na sauti nyingine, kavu na fupi, ya kitu kigumu kupigwa. Aliifahamu kabla hajataka kuifahamu. Alitoka na unga mikononi.

Rudy alikuwa amesimama kati ya makaburi, kofia mkononi, uso mweupe. Karibu naye lililala dume kubwa jeusi, limekufa kweli kweli.

"Shemeji, usije kwanza," akasema.

Albina alikwenda. Risasi ilikuwa imempita nguruwe tumboni, ikatoka, ikaendelea kama ilivyosifiwa. Upande wa Edwin haukuguswa. Upande wa pili, mbele ya kistari, kwenye nafasi ile ile inayosubiri, palikuwa na kishimo cheupe cha ukubwa wa sarafu, na vumbi jekundu kwenye nyasi.

Albina si mwoga, lakini hakuna mtu anayependa kuona mahali pa kifo chake pametobolewa na shemeji.

"Rudy," akasema polepole, "umeniandikia siku."

"Risasi iliyumba. Nguruwe alicheza dakika ile ile..."

"Usimalizie. Hayo maneno nayajua."

Alirudi nyumbani. Kolachi ziliungua, na kwa miaka yote hilo halikuwahi kutokea. Rudy alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Mjini watu walimsifu kwa ukubwa wa dume, yeye akawajibu kwa kugunaguna, na ukimwona Rudy anakataa sifa, ujue ana ugonjwa.

Kibaya zaidi, dume lile lilikuwa mpita njia tu. Madume hutembea peke yao. Wanaofukua ni majike na watoto wao, nao walirudi wakachimba upya siku iliyofuata, kana kwamba wanaendelea na kazi iliyokatizwa. Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya baraka. Albina alijaza shimo tena. Safari hii hakutukana, alikuwa amechoka na amehuzunika. Akamwambia Edwin, "Zamu yangu sasa. Nivumilie kwa hii bunduki ya dukani."

Alfajiri alikaa kwenye kiti cha ukumbini, mlangoni pa kibanda cha majembe, upepo ukimpiga usoni ili nguruwe wasimnuse. Kulipoanza kupambazuka alisikia hatua nyuma ya kibanda. Alikuwa Rudy, bila bunduki, ameshika chupa ya kahawa. Akafungua mdomo, Albina akamwekea kidole. Rudy akachuchumaa nyuma yake, magoti yakilia kama mlango mbovu.

Walikuja kutoka upande wa mialoni. Mbele jike kubwa la kijivu, nyuma yake kundi, wanakwenda bila wasiwasi kama wenye mji wao. Jike likafika kaburini kwa Edwin likaingiza pua. Albina aliliona sikio kwenye darubini, wazi kabisa. Na nyuma ya sikio aliliona jiwe.

Hakupiga. Jike lilichimba, udongo ukaruka. Rudy alimgusa kiwiko kwa kuhangaika. Hakupiga. Kumtazama mnyama akimfukua mumewe na kidole kikiwa kimetulia lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya tangu Juni, na machozi yalimtoka yakashuka mpaka kwenye kitako cha bunduki. Lakini macho hayakujifumba. Jike likainua kichwa, likageuka, likapiga hatua kuelekea mwaloni mkubwa. Sasa nyuma ya sikio kulikuwa na shina nene la mti na si kitu kingine.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko ule wa Rudy, kama wa mtu anayevunja ubao. Jike lilianguka pale pale lilipokuwa limesimama. Wengine wakatimka hadi bondeni, na kelele zao zikapotea.

Albina akatoa ganda la risasi, akahakikisha bunduki iko tupu, akailaza mapajani. Rudy alikuwa hamtazami nguruwe. Alikuwa anamtazama yeye.

"Hukufumba macho," akasema.

"Nifumbe ili nione nini?"

Rudy akamimina kahawa, ikamwagikia vidole, akajipanguza kwenye suruali. "Mimi nilifumba, shemeji. Jumamosi. Nilimwona vizuri, nikalenga vizuri, halafu nikalikumbuka lile teke. Nilipofumbua ameshaanguka, na jiwe lako limeshatoboka."

"Na kulungu wote wale unaorudi nao kila mwaka?"

"Napiga risasi nyingi. Mmoja lazima akutane na mojawapo." Akavuta pua. "Bega langu huwa jeusi mpaka Krismasi. Mke wangu anadhani nimeanguka ngazini kila mwaka."

Albina alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu aliona Rudy hajamaliza.

"Baba alitupatia ile bunduki ya ukutani kwako kabla hatujaota hata ndevu. Akasema mtazoea. Tulikuwa tunalia ghalani, tunarudi tunamwambia tumezoea. Hakuna aliyezoea. Edwin alifumba macho mpaka mwisho wake. Hivi wewe kweli uliamini kwamba kulungu wote wa wilaya hii wanacheza dakika ile ile?"

Kicheko kilimtoka Albina kwa nguvu kiasi kwamba kunguru waliruka juu ya kanisa. Alicheka akilia, ameshika bunduki ya watoto mapajani, na Rudy naye akacheka, akaomba msamaha katikati ya kicheko, akasamehewa katikati yake. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu mazishi. Lile wazo la kumsaliti Edwin halikuwepo tena.

"Nitamleta mchongaji alizibe," Rudy akasema, akionyesha jiwe.

"Liache. Wakija kuniandika watajua pa kuanzia."

"Na shemeji..." Rudy aligeuza kofia mikononi. "Siku usipoitumia hiyo ndogo, naweza kuijaribu? Nyuma ya ghala lako. Watu wa dukani wasijue."

"Njoo Jumatano. Uje na kopo lako."

Jioni ya siku ile padri alipita na maji ya baraka, jamaa wa mjini wakiwa nyuma yake na mishumaa na viatu vyao vizuri. Kaburi la Edwin lilikuwa limejazwa, limesawazishwa, limepandwa maua mapya. Padri alisita mbele ya kile kishimo, akamtazama Albina, akamtazama Rudy aliyekuwa ghafla anasoma jiwe la mtu mwingine, kisha akanyunyiza maji pande zote mbili na kuendelea. Vioo vyake vilikuwa salama.

Watu walipoondoka, Albina alibaki na kitambaa. Alifuta upande wake, na mara hii hakufanya haraka, akatoa vumbi kishimoni kwa ncha ya kidole. Kisha akahamia upande wa mumewe. Akilini alimwona mvulana analia ghalani, na mwanamume anayerudi kila Novemba mikono mitupu, anaketi mezani, anasubiri mayai. Akawaza pia mwaka ule waliooana, bega lake lenye rangi ya bilinganya, na Edwin amesimama mbele yake na bega kama hilo hilo chini ya shati.

"Edwin," akamwambia, "ungeniambia tu."

Alikwenda nyumbani, akatoa bunduki ndogo kabatini, akaitundika ukutani chini ya ile kubwa.